Pikipiki Isiyotoa Moshi

Nyumba ya Jannat pale Bondeni haikufungwa mlango mchana hata siku moja. Mwenyewe alisema mlango uliofungwa mchana ni wa mgonjwa mahututi au wa mchawi. Karai la viazi likishabandikwa barazani asubuhi, watu walianza kuingia na kutoka: huyu anataka viazi na ukwaju, huyu anaazima mbuzi ya kukunia nazi, na yule hana haja yoyote ila kusikia nani kaposwa na nani karudi kwao. Kama kulikuwa na habari Nakuru ambayo Jannat hajaipata kufikia saa nne, basi habari hiyo ilikuwa bado haijatokea.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo iliyojaa watu, mumewe Shariff alikuwa mwaka wa pili hajavuka geti.

Shariff alikuwa fundi wa cherehani. Si fundi wa kukaa dukani akingoja. Yeye alizifuata cherehani makwao. Alikuwa na Yamaha ndogo ya zamani, ile isiyo na klachi ya mkono, ambayo hata mwenye kanzu hupanda bila kujikunja. Kwa pikipiki hiyo alifika Gilgil, akafika Kariandusi kwa wake wa wachimba migodi ya udongo mweupe, akashuka mpaka Kamere kwa mafundi wanaoshona aproni za wafanyakazi wa maua. Kisha ugonjwa wa sukari ukaanza kumchosha, pikipiki ikasukumwa nyuma ya tangi la maji, na ikakaa huko miaka minane. Mwaka wa sita wa kukaa kwake, madaktari wakaukata mguu wa kushoto wa Shariff chini ya goti.

Akapewa mguu wa plastiki. Ulikuwa mzuri, haukuwa na kosa, ila ulikuwa haujui kitu. Shariff alisema ukikanyaga jiwe na ukikanyaga paka, mguu huo unakuletea habari ile ile.

Na mambo hayakuishia mguuni. Alipokuwa amelazwa, dada yake mkubwa, Bi Hadiya, aliyemlea baada ya mama yao kufa, alikuja kutoka Lanet na chupa ya uji wa wimbi. Shariff akageukia ukutani. "Sitaki kuangaliwa," akasema. Bi Hadiya akaiweka ile chupa chini ya kitanda, akajifunga mtandio, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kwa mwenzake, na uji haukunywewa.

Sasa binti yao, Sundus, alikuwa anaolewa. Katika ukoo wa kina Shariff msichana haolewi mpaka shangazi mkubwa aalikwe mlangoni kwake, kwa mdomo, na mwenye mtoto mwenyewe. Mwaliko unaofika ndani ya wiki ya harusi huhesabiwa wa majirani, si wa ndugu. Sundus alimpigia shangazi yake simu, akajibiwa kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi sikio langu la simu limekufa. Babako anajua mlango wangu uko wapi."

"Si jambo hata," alisema Kiarie, jirani yao, mtu mzima wa miaka arobaini na mwenyekiti wa boda boda pale steji. "Mzee, panda nyuma yangu. Dakika ishirini uko Lanet."

"Nifike kwa dada yangu nimebebwa kama gunia la makaa?" Shariff akamwuliza.

"Basi tuktuk."

"Hilo ni gunia lenye paa."

Jannat alikuwa akisikiliza huku anageuza viazi. Alimjua mumewe. Asipokwenda kwa Bi Hadiya safari hii, hatakwenda tena, na akishalikosa hili hatatoka tena kwenda popote. Atakaa chumbani akizeeka kwa kusikiliza redio, na harusi itafanyika kwa kiti kitupu cha shangazi ambacho kila mgeni atakiona. Jannat alishajua hata ni akina nani watakaokiona kwanza.

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Kesho yake asubuhi Jannat akasikia kuku anapiga kelele nyuma ya tangi la maji. Akachungulia. Shariff alikuwa amemwondoa kuku aliyekuwa akiatamia juu ya kiti cha Yamaha, mayai ameyaweka kwenye kofia yake, na sasa anaitazama pikipiki kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye amechelewa kwenda kumjulia hali.

"Baba Sundus, unatafuta nini huko?"

"Spana namba kumi," akasema.

Hivyo ndivyo ua ulivyogeuka gereji. Kwa wiki mbili Jannat hakujua tena vitu vyake viko wapi. Ndimu zake za viazi ziliingia ndani ya tangi la petroli pamoja na kokoto, tangi likatikiswa mpaka kutu ikatoka nyekundu kama chai ya rangi. Mswaki mpya ulisugua kabureta. Siku sanduku la filta ya hewa lilipofunguliwa, unga mweupe laini ukamwagika kwenye mkeka, na Jannat akapiga ukelele.

"Hata unga wangu wa ngano!"

"Tulia," Shariff akasema, akichota kidogo kwa ncha ya kidole. "Hili ni vumbi la Kariandusi. La mwaka ule nilipokwenda kutengeneza cherehani saba kwa siku moja." Akatabasamu. Jannat hakukumbuka mara ya mwisho alipoyaona meno hayo ya pembeni.

Ngozi ya kiti ikashonwa upya kwa kitambaa cha kochi la sebuleni. Kochi likabaki limevaa shuka. Kazi ngumu ilikuwa gia. Pikipiki ile hubadilishwa gia kwa mguu wa kushoto, na huo ndio uliokuwa haupo. Hapo akaitwa Nerima, mchomeleaji wa mageti upande wa pili wa kichochoro, mwanamke mwenye miwani ya giza kichwani na mdomo usiokaa bure. Shariff akamchorea mchoro ukutani kwa makaa: chuma kitokacho kwenye gia, kiinuke hadi kando ya kiti, mkono wa kushoto ukivute na kukisukuma. Klachi ya mkono hakuna, kwa hiyo mkono huo hauna kazi nyingine.

"Mzee, hii akili ulikuwa umeificha wapi?" Nerima akauliza.

"Ilikuwa nyuma ya tangi la maji."

Nerima akachomelea. Juu ya chuma Shariff akapachika kipini cha mbao cha cherehani ya mkono, kilichokuwa laini kwa miaka ya viganja. Ukikishika, ungedhani unataka kushona barabara.

Tatizo moja halikupata dawa. Injini hizi za zamani hunywa oili pamoja na petroli, na kuitoa kwa moshi wa buluu. Bila oili pistoni huungua na kukwama ndani ya silinda. Zamani pikipiki ilikuwa na pampu ndogo ya kujichanganyia yenyewe, lakini pampu ilikuwa imekufa na ya kununua haikuonekana Nakuru nzima. "Basi tutaichanganya kwa mkono," Shariff akamwambia Kiarie siku ya Jumatano. Akachukua mtungi mdogo wa manjano, akatia petroli aliyoinunua Kiarie, akapima oili kwa kikombe, akatikisa. Oili ile ilikuwa na rangi, petroli ikageuka kijani. "Kesho asubuhi tunatia tangini tunawasha."

Jannat alikuwa hapo hapo, hatua tatu kutoka kwao. Ana masikio mawili, lakini saa ile yote mawili yalikuwa kwa Nerima, ambaye alikuwa akisimulia habari nzito: kuna kituo cha petroli, jina hataji, kinauza mafuta yaliyochanganywa na ya taa, na boda tatu zimekufa wiki moja.

"Mafuta yaliyochanganywa utayajuaje?" Jannat akauliza.

"Rangi, Mama Sundus. Petroli safi ni kama maji. Ukiona imegeuka rangi, kimbia."

Jioni ile, watu wakiwa wameondoka kwenda kusali magharibi, Jannat akafungua ule mtungi kuchungulia. Kijani. Akanusa. Akapaka kidole, kikateleza. Kumbe Kiarie, na ujanja wake wote wa barabarani, ameuziwa takataka! Na mumewe, mtu wa watu, ataimimina takataka hiyo katika kitu alichokisugua wiki mbili.

Hakumwambia mtu. Alitaka iwe hisani ya kimya, maana za kelele alishazifanya nyingi. Akaimwaga ile ya kijani nyuma ya choo, akavaa buibui, akaenda mwenyewe kituo kingine kikubwa chenye taa, akasimama juu ya kichwa cha yule kijana wa pampu: "Nataka safi. Safi kabisa, umenielewa?" Akarudi na petroli nyeupe kama maji ya zamzam, akaurudisha mtungi mahali pake.

Alhamisi asubuhi kichochoro kilijaa. Jannat alikuwa amewaambia wachache tu, na kila mmoja wa hao wachache alikuja na nane. Shariff alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia iliyotolewa mayai. Akaketi juu ya Yamaha yake, Kiarie akashika faneli na kumimina. Kiarie humimina petroli nyeupe kila siku ya maisha yake. Macho yake hayakuona cha ajabu.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikawaka, na vigelegele vikawaka nayo. Shariff akavuta kipini cha cherehani, gia ikaingia, pikipiki ikaondoka taratibu kama bibi harusi.

"Haitoi hata moshi!" Jannat akapaza sauti. "Tazameni! Mpya gani iliyo safi hivi?"

Shariff alipopita mbele yake alikuwa amekunja uso. "Mbona haitoi moshi?" akauliza, lakini nani angemsikia kwa kelele zile.

Akaenda mpaka steji akarudi. Akaenda tena. Mzunguko wa tatu, mbele ya karakana ya Nerima, injini ikatoa mlio kama kisu juu ya sahani, ikakwama. Pikipiki ikasita, Shariff akaegemea geti jipya la Nerima ili asianguke. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Shariff akafungua kifuniko cha tangi, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba. Akasugua tena. Kisha akampisha Kiarie, naye akachovya na kusugua.

"Mzee," Kiarie akasema polepole, "hii haina oili hata kidogo."

"Haina."

"Lakini jana si ulichanganya? Mimi nilikuwa hapo."

"Nilidhani nimechanganya." Shariff akakipangusa kidole kwenye kanzu, yeye ambaye hawezi kuvumilia hata doa la chai. "Kumbe nilitikisa petroli tupu. Mguu waliuchukua, sasa na akili inaufuata."

Akashuka, akapita katikati ya watu, akaingia chumbani. Na kwa mara ya kwanza tangu Jannat aolewe, mlango katika nyumba ile ukafungwa mchana.

Hapo ndipo Jannat alipoelewa. Alielewa kama mtu anayemwagiwa maji: kijani, kuteleza, oili. Aseme mbele ya watu wote hao, waliokuja kwa mwito wake? Akajiambia atasema baadaye. Akarudi kwenye karai.

Viazi vya kwanza vikaungua. Vya pili akavitia chumvi mara mbili. Na barazani pake mwenyewe, juu ya viti vyake, ikazaliwa habari mpya, akaiona ikikua mbele ya macho yake. Wa kwanza alisema Shariff amesahau kutia oili. Wa pili akasema maskini, sukari ikipanda huingia kichwani. Kufikia adhuhuri alikuja mama mmoja kutoka mtaa wa Flamingo, mtu wa mbali huko, akiuliza kwa huruma kama ni kweli Shariff hawatambui tena watoto wake.

Jannat akaliepua karai motoni.

Shariff alikuwa amekaa kitandani, mguu wa plastiki ameuvua ameuegemeza ukutani. "Mwambie Sundus ampigie shangazi yake tena," akasema bila kugeuka. "Amwambie baba ni mgonjwa. Ataelewa."

"Baba Sundus, ulichanganya."

"Usinibembeleze."

"Ulichanganya. Ilikuwa kijani. Mimi niliimwaga."

Akageuka.

"Nilidhani Kiarie ameuziwa mafuta mabovu. Nikaimwaga nyuma ya choo, nikakununulia nyingine. Nilitaka iwe safi."

Redio ya jirani ilimaliza matangazo ya vifo, ikaanza ya mbolea. "Ulikwenda kwa miguu?" Shariff akauliza.

"Kwa miguu."

"Na mtungi mkononi, na buibui?"

"Na nikagombana na kijana wa pampu."

Mdomo wake ukacheza pembeni, lakini hakucheka. Akasema, "Huko nje wanasemaje?"

Jannat akaanza kunyoosha shuka ya kitanda.

"Mama Sundus. Wewe ndiye redio. Wanasemaje?"

"Wanasema huwatambui watoto."

"Basi," Shariff akasema, akiunyoosha mkono kuuchukua mguu wake, "habari imetoka kwenye baraza lako, na irudishwe na baraza lako. Nataka nisikie kwa masikio yangu nikiwa hapa ndani."

Na Jannat akatoka. Akasimama katikati ya baraza, mikono kiunoni, mbele ya Nerima na Kiarie na yule mama wa Flamingo na wengine wote, akaisimulia. Hakuificha hata punje. Alisimulia jinsi alivyonusa, alivyopaka kidole, alivyomwaga kwa jina la Mwenyezi Mungu, alivyomwambia kijana wa pampu anataka safi kabisa. Alipofika pale alipojisifu kwamba pikipiki haitoi moshi, Nerima alikuwa amelala juu ya benchi anajishika mbavu.

"Mathe! Yaani uliua injini na bado ukaisifu maiti!" Kiarie akasema, machozi yakimtoka.

"Cheka, Kiarie, cheka. Wewe uliyemimina ulikuwa na macho ya nini?"

"Mathe, mimi nimezoea hizi za siku hizi, hazinywi oili hivyo!"

"Basi tuko wawili. Na wewe, mama wa Flamingo, kimbia ukawaambie. Wewe huwa hukawii."

Katikati ya kicheko hicho mlango wa chumba ukafunguka. Shariff alitoka na spana namba kumi mkononi, akapita kimya kuelekea uani, na wote waliona kwamba mabega yake yanatikisika.

Injini ilikuwa imekwama, haikuwa imekufa. Ilipopoa ikakubali kuzunguka. Shariff akaifungua, akaonyesha mikwaruzo kwenye pistoni, akaisugua kwa msasa laini siku nzima ya Ijumaa, akipumzika kwa sala tu. Kiarie akaleta ringi mpya za pistoni, alizozitafuta maduka matano, na akakataa kuulizwa alizipataje. Jumamosi ikawashwa. Ikatoa moshi wa buluu uliofanya nguo za kina Nerima zote kwenye kamba zianze kunuka, na hakuna aliyelalamika. Mtungi wa manjano ukafungwa kamba nyekundu, na Sundus akaandika juu yake kwa kalamu nene: MAMA USIGUSE.

Jumapili, baada ya chai, Shariff aliondoka. Kiarie aliomba kumsindikiza kwa nyuma akakatazwa. "Nikifika na msafara atadhani nimekufa," Shariff akasema. Akavuta kipini cha mbao, akashika ukingo wa barabara, moshi ukabaki umesimama kichochoroni baada yake.

Siku hiyo Jannat alijua adhabu ya wasiokuwa na habari. Saa sita, hakuna. Saa nane, hakuna. Lori zilisikika zikinguruma kule barabara kuu na kila moja ilimpita kifuani. Sundus alitaka kumpigia babake simu, mamake akamnyang'anya. "Mwache. Mkono wa kushoto una kazi, wa kulia una kazi. Atapokea kwa mkono gani?"

Saa kumi na nusu, Nerima akainua miwani yake. "Sikia."

Walimsikia kabla ya kumwona, kisha wakauona moshi, kisha yeye. Nyuma kwenye keria palikuwa na kikapu, na kichwa cha kuku kimechomoza kikitazama Bondeni kwa dharau. Shariff akazima injini, akashuka, akaomba chai. Akainywa yote. Baraza zima lilimtazama koo likipanda na kushuka.

"Haya, sema!" Jannat akashindwa kuvumilia.

"Kanipa kuku."

"Kuku ninamwona! Maneno? Alikukaribisha? Alilia? Ulilia wewe? Atakuja?"

"Atakuja siku tatu kabla. Amesema mpishi wa pilau ni yeye, asije akakuta mwingine na mwiko."

"Na mengine?"

Shariff akageuza kikombe kitupu mkononi. "Alikuwa amepika uji wa wimbi," akasema. "Sijui alijuaje ni leo. Akauweka chini, kando ya mguu wangu, akaenda kusimama dirishani asiniangalie. Nikamwambia aje aniangalie. Nikaunywa wote."

Kisha akaenda kumfungua kuku.

Jannat aliepua viazi vinne tu. Halafu akajifunga mtandio, akatoka getini. Kufikia magharibi Bondeni nzima ilikuwa inajua kwamba Shariff amekunywa uji kwa dada yake, na walio wengi walibaki wakijiuliza uji huo ulikuwa na nini hata utangazwe hivyo.